Jinsi ya Kuwa Maskini Kila Mwezi wa Sita

Kuanzia Januari hadi Mei wewe ni bosi. Una kadi zenye jina lako na maneno "Mkurugenzi Mtendaji" chini yake, ingawa unayemwongoza ni wewe peke yako na siku nyingine hata huyo hakusikii. Umejiajiri. Huombi ruhusa kwa mtu, na ukiulizwa harusini unafanya kazi gani unajibu "nina shughuli zangu" kwa sauti ya mtu ambaye shughuli zake zinamkimbilia.

Kisha Juni inaingia. Ifikapo tarehe 30 uwe umewaambia KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya, mwaka uliopita ulipata nini. Hapo bosi hafai, anatakiwa maskini. Na umaskini, ndugu yangu, ni fani; hauji wenyewe kwa mtu mwenye gari la viti vya ngozi. Sogeza kiti nikufunze.

Kwanza uujue uwanja. Kodi ya mapato hutozwa faida, si kila shilingi iliyopita mkononi mwako. Ukiingiza 1,800,000 na kazi yenyewe ikala 700,000, kinachotozwa ni 1,100,000. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 470, kifungu cha 15, inataka gharama hiyo iwe imetumika yote, na kwa kuzalisha mapato tu. "Yote" na "tu". Vijineno viwili hivyo, visalimie kama unavyomsalimia mama mkwe: kwa adabu, ukiwa mbali kidogo, kisha pita.

Hatua ya 1: Jiite mshauri

Fundi viatu ana taabu. Gharama zake zinaonekana: gundi, uzi, soli, sindano. Akiandika kwamba amenunua sofa, hata mtoto wa darasa la nne atamshtukia. Wewe usiwe na kazi inayoonekana. Kuwa mshauri. Hakuna ajuaye mshauri anatumia nini kazini, wala mshauri mwenyewe hajui. Sofa ni mahali pa kufikiria. Televisheni ya inchi 65 ni utafiti wa soko. Mbuzi wa Idi ni kudumisha uhusiano na wateja, hasa akiliwa na mteja mmoja na shemeji kumi na wawili.

Lipo tatizo dogo. Kampuni unazozishauri hukata 5% ya ada yako kabla hazijakulipa, na kuipeleka KRA kwa PIN yako, namba yako ya mlipakodi. Wakati wewe unajikuna kichwa ukitafuta namba ya kuandika, wenzako wanayo tayari, hadi senti. Kwa hiyo usiandike sifuri. Sifuri ni ya wanagenzi. Maskini stadi huandika mapato yote bila choyo, halafu huyamaliza kwa gharama, moja moja, kama mtu anayenyonyoa kuku.

Hatua ya 2: Risiti, na aibu ya kuzidai

Zamani mambo yalikuwa matamu. Ulishuka kwenye teksi, dereva akachomoa kijitabu chake na kukuuliza kwa upole wa daktari: "Nikuandikie ngapi?" Nauli 400, kitabu kinasema 1,400, mkaagana mkiheshimiana. Waliobobea hawakumsumbua hata dereva. Walinunua kitabu kizima cha risiti, wakajifungia nacho chumbani usiku, wakawa wauzaji ishirini tofauti: mwandiko huu umelalia kulia, ule umelalia kushoto, huyu hajui kuandika "asante", yule anapiga mihuri miwili. Kulikuwa na vipaji katika nchi hii.

Tangu tarehe 1 Januari 2024 fani hiyo imezikwa. Gharama nyingi sasa hazikubaliwi bila ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na ankara hiyo KRA huiona muuzaji anapoitoa, kabla wewe hujaikunja mfukoni. Na ili iwe yako, lazima ibebe PIN yako. Dereva wa teksi hana tena la kukuuliza.

Hapa sasa ndipo penye siri ya kushindwa kwa heshima: ankara usiidai palepale. Sababu tunayo sote na hatuitaji. Fikiria uko kaunta ya duka la vifaa, nyuma yako foleni, kando yako mtu uliyemwambia wiki jana kwamba biashara inakwenda vizuri. Sasa uanze kumtajia karani: herufi A, kisha tarakimu tisa, kisha herufi nyingine mwishoni, naye anakurudisha nyuma, "sita sita ama sita moja?" Kila mtu anasikia. Mwenye saa kubwa mkononi hawezi mambo hayo. Yeye husukuma noti mbele na kusema "chenji weka".

Kwa fundi wako wa kompyuta pale Tudor ni rahisi zaidi. Mwambie akutolee ankara. Hawezi kusema hana mtambo, maana inatoka hata kwenye simu ya mulika mwizi, kwa kubonyeza *222#. Atakutazama kama uliyemuuliza analala wapi. Halafu atakueleza kwamba kazi hii ina bei mbili: 8,000 bila maneno mengi, na 8,500 yenye karatasi. Chagua isiyo na maneno. Umeokoa 500. Kama kiwango chako cha juu cha kodi ni 30%, kama ilivyo kwa wengi wanaopata zaidi ya 32,333 kwa mwezi, umepoteza 2,550. Lakini 500 uliziona kwa macho, na zile 2,550 hazina sura.

Risiti chache zilizokuponyoka ukazipata, zitupe juu ya dashibodi. Jua la Mombasa halijaajiriwa na serikali wala na wewe, lakini kazi hiyo huifanya kwa uaminifu: kabla ya Pasaka karatasi imekuwa nyeupe kama sanda. Sheria inataka uhifadhi kumbukumbu miaka 5. Wino ule haumalizi miezi 5.

Nikwambie na jambo jingine, tukiwa wawili. Zipo gharama halali kabisa ambazo zimekaa zinakungoja: bando la intaneti la kazini, ada za benki, makato ya M-Pesa kwenye malipo ya kazi, leseni ya biashara ya kaunti, programu unayoilipia kila mwezi kwa ajili ya kazi, ujira wa mhasibu. Kwa mwaka mzima si haba. Nyingi unaziona ukifungua taarifa ya simu na ya benki, na pale inapotakiwa ankara, wengi wa wanaokuuzia ni kampuni zisizoona haya kuitoa. Achana nazo. Hakuna mtu aliyewahi kukaa barazani akasimulia alivyokata gharama ya bando. Barazani wanataka kusikia ulivyoikata Prado.

Hatua ya 3: Ikate Prado

Waliotunga sheria nao wana majirani, kwa hiyo wamekuwahi. Gari la kutembelea, lisilo la kibiashara, huhesabiwa bei isiyozidi 3,000,000. Ukilinunua kwa milioni 6, KRA wanaliona la milioni 3. Ile nusu nyingine umeinunulia macho ya mtaa, na mtaa hautoi ankara. Hata hiyo milioni 3 huikati kwa mkupuo. Unakata uchakavu wa 25% kwa mwaka, juu ya thamani iliyobaki: 750,000 mwaka wa kwanza, 562,500 wa pili, na kuendelea hivyo, inapungua bila kwisha kama deni la dukani.

Na hayo ni kama gari lote ni la kazi. Likiwa la kazi nusu na la nyumbani nusu, unakata nusu. Wewe bila shaka utaandika 100%. Watoto huenda shule kwa miguu ya malaika, na yale magunia ya maembe kutoka Kilifi yalijileta.

Ili uaminike unahitaji daftari la safari. Wapo watu wanaoliandika kila jioni: tarehe, kilomita, alikokwenda, aliyemwona. Watu hao hawaalikwi popote. Daftari liandike usiku mmoja, mwezi Juni, kwa kalamu moja ya bluu, ukilizungusha "Kuonana na mteja, Malindi" hadi mkono uume. Limwagie chai kidogo kwenye jalada lipate umri. Chunga mambo mawili tu. Usiandike safari ya tarehe 31 Juni. Na siku uliyokuwa Malindi na mteja isiwe ile uliyojipiga picha Naivasha juu ya farasi, ukaandika chini yake: "Kazi iendelee bila mimi."

Hatua ya 4: Nyumba iwe ofisi

Hili lina haki ndani yake, ndiyo maana linaharibika vizuri. Ukiwa na chumba cha kazi nyumbani, unaweza kukokotoa sehemu yake katika kodi ya nyumba na stima: chumba kimoja kati ya vinne, robo. Ni hesabu ya mtoto. Usiifanye. Chukua tepu, pima upya kwa jicho la mshauri. Sebule ni mapokezi. Meza ya chakula ni chumba cha mikutano. Jikoni panapikwa chai ya wageni wa ofisi. Chumba cha kulala, je, hukuwahi kuamka usiku na wazo la biashara? Mwisho wa zoezi utagundua kwamba familia yako inaishi kwenye veranda.

Kisha nenda kwa mwenye nyumba ukamwombe ankara.

Hapo ndipo utakapokutana na mwalimu wako. Kwa sababu mwenye nyumba naye ni maskini, na si wa Juni, ni wa kila mwezi: anatakiwa kulipa 7.5% ya kodi yote anayokusanya, na kwa muda mrefu amekuwa akisimulia kwamba jumba lile la ghorofa tatu wanakaa jamaa zake. Ukitaja pango lako kwenye ritani yako ya kodi pamoja na PIN yake, umemtaja yeye. Atakukaribisha ndani, atakupa juisi ya ukwaju, ataulizia watoto kwa majina. Kabla hujamaliza glasi, pango litakuwa limepanda 3,000 kwa mwezi. Mwambie umeghairi. Wasanii wawili hawachorani.

Hatua ya 5: Mwajiri mkeo

Kwenye karatasi, naam. Mke ni katibu muhtasi, 60,000 kwa mwezi, na gharama zako zimeongezeka 720,000 kwa mwaka bila senti kutoka mfukoni. Tatizo ni kwamba mshahara una wenyewe. Kuna PAYE, kodi ya mshahara, ya kumkata, kuna NSSF ya uzeeni, kuna 2.75% ya bima ya afya ya jamii, kuna 1.5% ya nyumba kutoka kwake na 1.5% nyingine kutoka kwako mwajiri. Hayo yote yanaweza kulipwa. Lisilolipika ni siku atakapoiona karatasi yenyewe. Mke wa pwani akishajua kwamba kuna mahali pameandikwa analipwa 60,000, atataka kujua ziko wapi, tangu Januari. Na huyo hana miaka 5 ya kumbukumbu. Ana yote.

Hatua ya 6: Kula kwa ajili ya taifa

Fupi, maana hapa njia imezibwa kwa zege. Kifungu cha 16 kinatujua kwa majina. Kimekataa matumizi ya mtu kujitunza yeye na jamaa zake, kikataja moja baada ya nyingine: starehe binafsi, mikahawa na hoteli isipokuwa kwa safari za kazi au mafunzo, matembezi ya likizo, ada za klabu. Ukisoma orodha unaona kabisa kwamba kila mstari umeletwa na mtu aliyejaribu. Basi nenda Diani siku nne na uite mafunzo. Ukiulizwa ulijifunza nini, sema kuogelea kwa ushauri.

Mchango wa harusi ya binamu haukatwi. Nimeshauliza, usijisumbue.

Hatua ya 7: Desemba, mwezi wa kujitajirisha kwa kununua

Kuna sauti itakunong'oneza mwisho wa mwaka: "Nunua kitu, utakikata kwenye kodi." Itii sauti hiyo. Ni ya mwuza duka, lakini itii. Nunua kompyuta mpya ya 200,000 ilhali ya zamani inafanya kazi. Tembea kwa maringo, umeikomoa serikali.

Sasa hesabu, kama una moyo. Kompyuta haikatwi yote mwaka huo, ni 25%, yaani 50,000. Kwa kiwango cha 30%, kodi iliyopungua ni 15,000. Umetoa laki mbili kuokoa elfu kumi na tano, kwa kitu usichokihitaji. Mwaka ujao utaokoa kidogo zaidi ya elfu kumi na moja, na kompyuta itakuwa imeshapasuka kioo. Usimweleze mtu hesabu hii. Mwambie tu, "Ile? Ya kampuni," na uangalie pembeni.

Hatua ya 8: Saiba, saa tano za usiku

Ritani ni ya tarehe 30 Juni, kwa hiyo iguse tarehe 30 Juni, usiku. Kabla ya hapo ungewahi kufikiri. Nenda kwenye ile saiba yenye bango la karatasi "KRA, Ritani, PIN, Kupiga Chapa, Mandazi". Kijana wa pale anawajua walipakodi kama kinyozi anavyojua vichwa. Hatakuuliza gharama zako. Atakuuliza, "Niweke nil?" kwa sababu nil, ritani ya sifuri, inachukua dakika tatu na nyuma yako kuna watu arobaini. Ukimwambia una mapato na uchakavu wa gari na robo ya pango, atapumua kwa nguvu kama uliyemletea mgonjwa.

Utakapofanikiwa kubonyeza kitufe cha mwisho, saa sita kasorobo, utajisikia mshindi. Usisome zaidi. Ukisoma utakuta kwamba tarehe 30 Juni ni ya kupeleka ritani tu. Kodi yenyewe, ile iliyobaki, ilitakiwa iwe imelipwa kufikia tarehe 30 Aprili, na kama inapita 40,000 ilitakiwa ilipwe kwa awamu mwaka uliotangulia, Aprili, Juni, Septemba na Desemba. Kuchelewa kulipa ni 5%, kisha riba ya 1% kila mwezi inakupitia kimya kimya, hata Jumapili. Kuchelewa kupeleka ritani ni 5% ya kodi au 2,000, ipi iliyo kubwa. Wengi wanaijua hiyo 2,000 peke yake, na wanaionea fahari kuikwepa.

Hatua ya 9: Usiache kuonekana

Hili ndilo pambo la kazi nzima. Ukishathibitisha kwamba mwaka jana ulibakiwa na 14,000 kwa mwezi, weka picha. Weka ya Prado ikiwa Diani. Weka ya saa. Weka ile ya mkono wako ukihesabu noti, bila uso, tutaujua mkono. Kuna sheria inayomruhusu mtu anayepeleka habari za mkwepa kodi kulipwa 5% ya kodi iliyopatikana, hadi 5,000,000. Jirani yako ana watoto wanne shuleni na haelewi kwa nini uliegesha mbele ya geti lake. Umempa ajira, nawe hukuwa ukijua kwamba una moyo wa kusaidia watu.

KRA wakikuita, kumbuka tofauti ya bei. Ukikutwa umekosea kwa uzembe, nyongeza ni 20% ya kodi uliyopunguza. Ukikutwa umefanya makusudi, ni 75%. Na wakiamua kuiita ulaghai, kuna faini ya hadi milioni 10 au mara mbili ya kodi uliyokwepa, au kifungo hadi miaka 10, au vyote viwili. Kwa hiyo kaa kizembe. Nywele zisichanwe. Kwa bahati mbaya ulishaandika "Kuonana na mteja, Malindi" mara 46 kwa mwandiko mzuri, na uzembe hauna mwandiko mzuri.

Hatua ya mwisho: Benki

Tuseme yote yamekwenda sawa. Miaka mitatu umekuwa maskini bora, hakuna aliyekuita, jirani amehama. Umeona kiwanja Mtwapa, bei yake haikai, na unataka mkopo. Utavaa koti lako. Utakaa mbele ya afisa wa mikopo, binti mpole mwenye miwani, umsimulie shughuli zako kwa sauti yako ya Januari: wateja, mikataba, safari. Atatikisa kichwa akiandika. Kisha ataomba ritani zako za miaka mitatu.

Utamsogezea. Atazisoma polepole, ukurasa kwa ukurasa, na utaona kitu ambacho hakuna msanii asiyekitamani: msomaji anayeamini kila neno. Sofa ameiamini. Malindi ameiamini, zote 46. Ameamini kwamba unaishi kwenye veranda. Akifika kwenye 14,000 atavua miwani, na macho yake yatakuwa na huruma ya kweli.

"Pole sana, kaka," atasema. "Na una watoto?"

Halafu atainama karibu, asije akakuaibisha mbele ya foleni, akunong'oneze upige *254#. Kuna Hustler Fund, ile mikopo ya serikali, wanaanzia 500. Mshukuru. Toka taratibu, na ngoja kwanza arudi kwenye kompyuta yake ndipo uifungue Prado kwa rimoti, maana ile huwa inalia.